Mguu B wa Seli ya Kuchagua

Nilistaafu mwezi uliopita. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mkono wangu wa kulia bado unatafuta kipanya cha kompyuta mezani wakati nakunywa chai. La pili ni kwamba hapa Iyolwa hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kuelewa nilikuwa nafanya kazi gani. Wengine wanaamini nilikuwa natengeneza simu. Mchungaji wetu aliniombea mbele ya kanisa zima kama "mama aliyefanya kazi ya umeme kule Busia," nami nikaitikia amina, maana si uongo.

Okiring, ambaye bado yuko ofisini, aliniomba niwaandikie ninyi mliofika juzi juzi. "Mama, andika tu venye ilikuwa," aliniambia. Basi naandika.

Sikuanzia kwenye saketi. Nilianzia kwenye mizani. Nilipomaliza shule ya ufundi niliajiriwa katika karakana moja ya Tororo iliyokuwa ikikagua na kurekebisha mizani za kila aina: za dukani, za wanunuzi wa pamba, na zile kubwa za kupimia malori upande wa Malaba. Miaka ile ilinipa tabia moja ambayo mume wangu hakuipenda, ya kutoamini namba mpaka nijue imetoka wapi. Siku moja niliitwa kwa sababu mizani ya malori ilikuwa inasoma uzito mdogo mno. Nilifungua kila kitu, nikasafisha, nikafunga, nikafungua tena. Nusu siku ikaisha. Dereva aliyekuwa amekaa kivulini akila muwa akaniuliza kwa upole, "Dada, hizo tairi za nyuma si ziko chini bado?" Kweli, tairi za nyuma zilikuwa hazijapanda kwenye bamba. Mizani ilikuwa inasema kweli kuhusu nusu ya lori. Nilimshukuru, nikakusanya spana zangu bila kumtazama mtu usoni.

Karakana ilipofungwa nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na sikutegemea tena kuajiriwa na mtu. Ndipo nikasikia kwamba kuna Msamia wa upande wa Kenya, Injinia Wandera, aliyekuwa amefanya kazi ng'ambo miaka mingi, amerudi na kufungua ofisi Busia, ghorofani juu ya duka la pembejeo. Alikuwa anatafuta watu "wanaopenda kupima". Nilienda na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinisukumia rula na rundo la karatasi, akasema, "Madam, niambie karatasi moja ina unene gani."

Nikahesabu karatasi mia, nikazibana vizuri, nikapima, nikagawanya. Lakini kabla sijamtajia jibu nilimuuliza, "Karatasi hizi zote zimetoka pakiti moja?"

Akacheka. "Hapana. Nimezichanganya."

"Basi jibu langu ni la karatasi ambayo haipo."

"Jumatatu njoo na chakula chako," akasema. "Hapa chini wanauza mbolea tu."

Siku ya kwanza alinieleza kazi akiwa amesimama, kalamu mkononi, na sijawahi kupata maelezo bora kuliko yale. Chip, alisema, imejengwa kwa vijisaketi vidogo vinavyojirudia maelfu kwa maelfu, na kila kimoja tunakiita seli. Kuna seli ya kugeuza sifuri kuwa moja, kuna seli ya kujumlisha, kuna seli ya kuchagua. Anayechora chip hawezi kuhesabu transista, zile swichi ndogo kabisa za umeme, moja moja. Angezeeka kabla hajamaliza. Anategemea kitabu kinachomwambia kila seli inachelewa kiasi gani, inakula umeme kiasi gani, na kila mguu wake wa kuingilia unahitaji chaji kiasi gani ndipo ukubali kubadilika. Hilo la mwisho ndilo kapasitansi ya mguu. Kitabu kikisema mguu ni mwepesi kumbe ni mzito, mchoraji ataweka mbele yake seli dhaifu ya kuusukuma, ishara itachelewa, na chip nzima itakosea hesabu bila mtu kujua ni kwa nini.

"Sisi ndio tunaoandika kitabu," akamaliza. "Jina letu halitaonekana popote. Likionekana, ujue tumeharibu."

Kilichonishangaza ni kwamba tulikuwa tunapima vitu ambavyo havijazaliwa. Seli zilikuwa michoro tu. Tuliiambia programu ya kuigiza saketi: chukua seli hii, ipe umeme, unganisha chanzo cha volti kwenye mguu mmoja, pandisha volti polepole kutoka sifuri hadi juu, na kila wakati tuambie mkondo kiasi gani umepita. Ukijumlisha mkondo wote kwa muda wote ule unapata chaji. Ukigawa kwa volti unapata kapasitansi. Kwa seli moja unaweza kufanya hivyo kwa mkono. Kwa seli mia kadhaa, kila moja na miguu yake, kwa joto na kwa baridi, kwa volti kamili na kwa volti pungufu, huwezi. Kwa hiyo Injinia alikuwa ameandika faili moja la mpangilio, ukurasa mmoja tu, na skripti, programu fupi ya maagizo, ikawa inalisoma na kuzalisha majaribio yote yenyewe. Faili lile tuliliheshimu kama Katiba. Nilijifunza kila mstari wake: volti ianze kupanda lini, ipande kwa kasi gani, tuanze kujumlisha wapi na tuache wapi, mzigo gani uwekwe kwenye mguu wa kutokea, na miguu mingine ya kuingilia ifungwe wapi wakati mguu mmoja unapimwa.

Wiki ya kwanza nilipata seli yenye kapasitansi hasi. Nilifurahi mno, nilidhani nimegundua kitu ambacho dunia haikuwa nacho. Injinia aliangalia dakika moja. "Programu inahesabu mkondo unaoingia kwenye chanzo, si unaotoka," alisema. "Weka alama ya kutoa. Halafu uendelee kushangaa, usiache, ila shangaa ukiwa umekagua alama."

Okiring alikuja mwaka uliofuata. Ni Mteso wa upande wetu wa Uganda, alikuwa fundi wa televisheni Malaba, na alikuwa na masikio ya ajabu: aliweza kutambua kompyuta inayokaribia kufa kwa mlio wa feni yake. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa kompyuta na jenereta. Tulikuwa watu sita, na kwa miaka kadhaa tulikuwa na mteja mmoja mkubwa, kampuni ya ng'ambo iliyokuwa inatengeneza chip za vifaa vidogo vya betri. Tuliwajua kwa sauti za simu tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Okiring alitaka niliandike.

Tulikuwa tumemaliza kitabu kizima cha seli za mteja huyo. Injinia alikuwa ametia sahihi, tumekituma Ijumaa, na Jumamosi tulikula kuku. Jumanne iliyofuata sikuwa na kazi ya haraka, nikawa napitia jedwali la kapasitansi mstari kwa mstari, kama mtu anayepitia picha za harusi iliyokwisha. Nikafika kwenye seli ya kuchagua. Hiyo ina miguu miwili ya data, A na B, na mguu wa tatu unaoamua ni upi kati yao upite. Mguu A ulikuwa na namba ya kawaida. Mguu B ulikuwa karibu theluthi yake.

Nikaenda kwa Injinia. "Hii miguu miwili ni pacha au si pacha?"

"Kwenye mchoro ni pacha."

"Mbona B ni mwepesi hivi?"

"Itakuwa waya," alisema bila kuinua macho. "Mmoja una waya mrefu zaidi."

Lilikuwa jibu zuri, na mtu mwenye shughuli nyingi angelipokea. Lakini mimi nina mapacha, Opio na Odongo. Kliniki hawakuwahi kulingana uzito hata siku moja. Hata hivyo, kama mmoja angekuwa theluthi ya mwenzake, nesi angenitimua mbio hadi hospitali. Nikafungua mchoro nikapima waya zote mbili. Zilikuwa sawasawa. Nikaangalia transista. Sawasawa. Nikaangalia seli nyingine za kuchagua, za miguu minne, za miguu minane. Kote, mguu wa kwanza ulikuwa mzito na iliyobaki yote ilikuwa myepesi.

Nilikaa nikiutazama ule mchoro mpaka chai ikapoa. Kwenye seli nyingi, mguu wa kuingilia unagusa kichwa cha transista na kuishia hapo. Kwenye seli hizi haukuishia hapo. Mguu ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye transista iliyokaa kama mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na chumba kizima cha waya na transista nyingine. Mlango ukiwa wazi, chaji inajaza chumba chote. Ukiwa umefungwa, inajaza kizingiti tu. Na nani anafungua mlango? Mguu wa tatu, ule wa kuamua. Nikarudi kwenye faili la mpangilio, kwenye mstari unaosema miguu mingine ifungwe wapi. Ulisema: yote kwenye sifuri. Na kwa sifuri, mlango wa A uko wazi, mlango wa B umefungwa.

Nikabadilisha sifuri kuwa moja, kwa seli hiyo moja, nikaendesha. Namba zikabadilishana viti. B ikawa nzito, A ikawa nyepesi.

Okiring alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mama, umevunja nini?"

"Sijavunja. Tulikuwa tunapima lori ambalo halijapanda lote."

Akavuta kiti akaketi. "Na kitabu kimekwenda," alisema polepole. "Wale watu wanasema Ijumaa hii ndio wanatuma kiwandani."

Hapo nikaogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa na udadisi tu, na udadisi ni kitu kitamu, haukukumbushi kwamba kuna watu upande wa pili. Mchoro ukishafika kiwandani na kuchongwa, haurudi. Na mstari ule wa sifuri ulikuwa umeandikwa na mtu aliyenifundisha kazi yote niliyoijua.

Nilimwita Injinia. Nilimwonyesha bila kusema maneno mengi: kwanza waya, halafu mlango, halafu majaribio mawili yakiwa bega kwa bega. Alitazama. Akaomba niendeshe tena. Nikaendesha. Akaomba niondoke kwenye kiti, akaketi yeye, akaandika kila kitu upya kwa mkono wake, akaendesha. Namba zikatoka zilezile.

"Faili hili nimelitumia miaka kumi na moja," alisema.

Nilimwekea kidole kwenye mstari wa sifuri.

"Kule nilikokuwa hatukuwa na seli za namna hii. Miguu yote iliishia kwenye kichwa cha transista. Sifuri ilitosha." Kisha akasimama, akatoka, akaenda kusimama kwenye veranda inayotazama barabara ya mpakani. Alikaa huko muda mrefu. Wanawake wenye magunia ya mihogo walipita chini, baiskeli zikapita, yeye akiwa amesimama tu na mikono mfukoni. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu alikuwa na watoto watatu shuleni na namwelewa, alininong'oneza: "Madam, hakuna mtu atajua. Chip ikichelewa watasema ni kiwanda."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana naogopa."

Injinia aliporudi hakukaa. Alichukua simu ya mezani, akaweka spika ili sote tusikie, akampigia mkuu wa wachoraji wa mteja. Alisema kwa ufupi: kitabu tulichowatumia kina kosa kwenye seli za kuchagua, miguu mingi imeandikwa myepesi kuliko ilivyo, msitume kiwandani. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika mpangilio. Mwenzangu hapa, Madam Athieno, ndiye aliyeligundua."

Halafu yule bwana akauliza swali ambalo mimi ningeliuliza pia. "Una uhakika kwamba namba nyingine zote ni sahihi?"

Tulimtazama Injinia. Jibu rahisi lilikuwepo, na kila mmoja wetu alilitaka.

"Hapana," alisema. "Sina. Nipe siku tatu, nitakuwa nao."

Siku zile tatu ndizo nilizofurahia kuliko zote za kazi yangu, na sioni haya kusema hivyo, ingawa watu walikuwa hawalali vizuri. Tuliacha kuuliza "mguu huu una kapasitansi gani" tukawa tunauliza "una kapasitansi gani ikiwa miguu mingine iko hivi, au hivi, au vile". Okiring aliandika upya skripti ili ijaribu kila mchanganyiko wa sifuri na moja, itoe namba kubwa kabisa, na kando yake iandike ilipatikana katika hali gani. Majaribio yaliongezeka mara nyingi sana. Siku ya pili umeme ukakatika, Okiring akavuka mpaka na jerikani kuleta petroli ya jenereta, akarudi amelowa jasho akisema, "Nakuta laini ndefu, nawaambia iko mgonjwa." Nilimuuliza mgonjwa ni nani. Akaonyesha kompyuta.

Tulipata seli nyingine moja yenye ugonjwa uleule, ya kutunza kumbukumbu, ambayo mguu wake nao uliingilia mlangoni. Hatukupata nyingine. Siku ya tatu Injinia alituma kitabu kipya na barua ya kurasa mbili inayoeleza tulivyokosea, bila kujitetea hata sentensi moja. Niliisoma kabla haijatumwa. Nilimwambia aongeze kwamba seli hizi zilikuwa ngeni kwetu. Akasema hapana, kama zilikuwa ngeni ndiyo sababu zaidi ya kuangalia.

Mnafikiri walitupongeza? Walichelewesha chip yao, wakakasirika, na kazi iliyofuata wakaipeleka kwingine. Ofisi ilipita miezi migumu. Yule mwenzetu wa watoto watatu aliondoka, akaenda kufundisha, na ninadhani aliona mimi ndiye niliyemfukuza. Tulipokutana sokoni Tororo alinisalimia kwa kifupi. Siwezi kumlaumu. Baadaye mteja alirudi. Mchoraji wao aliandika kwamba watu waliopewa kazi yetu walikuwa hawajawahi kuwapigia simu hata mara moja, na jambo hilo lilianza kumtia wasiwasi. Sijui kama hiyo ilikuwa haki au bahati. Tulifanya kazi.

Lakini alichofanya Injinia baada ya hapo ndicho ninachotaka mkijue, kwa sababu ninyi mlimkuta ameshaondoka. Angeweza kulifuta lile faili. Badala yake alilihifadhi kama lilivyokuwa, pamoja na lile jedwali lenye kosa, kwenye folda aliyoiita "Wandera". Kila mtu mpya alipokuja, Injinia alimfungulia folda ile, akamwambia, "Humu kuna namba ya uongo. Itafute." Kisha akavuta kiti akaketi kando, kimya, anakula njugu. Wengine walitumia siku tatu. Msichana mmoja kutoka Malaba alichukua robo saa: aliangalia jedwali, akauliza, "Kwa nini watoto wa mama mmoja hawafanani?" Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Nilimuuliza siku hiyo kama haimuumi, wageni kuanza kumjua kwa kosa lake. "Inauma kidogo, kila mara," alisema. "Lakini Madam, wewe huoni? Kila mmoja anaingilia njia yake. Sijaona wawili waliofuata njia moja."

Alistaafu akarudi Samia kufuga samaki kwenye mabwawa. Nilipomtembelea alikuwa anabishana na kijana aliyemuuzia mizani ya springi ya kupimia samaki. Nikawamalizia ubishi kwa kuirekebisha mizani ile, tukala.

Mimi niliendelea miaka sita zaidi. Nilipokea folda, nikapokea na kiti cha pembeni, ingawa njugu zinanisumbua meno. Ninyi nyote mlipitia hapo.

Wiki yangu ya mwisho nilifanya jambo ambalo Okiring peke yake ndiye anayelijua. Ndani ya folda ile nimeweka faili la pili. Lina jina langu. Ni mpangilio nilioandika mwenyewe, nikatia sahihi mwenyewe, ukatumika karibu mwaka mzima kabla sijaona kilichomo. Tuliwaambia wote waliohusika, na hakuna chip iliyoharibika, lakini mchoraji mmoja alipoteza mwezi mzima wa kazi yake kwa ajili yangu, na nilimpigia simu mwenyewe kumwambia. Sitawaeleza kosa lenyewe. Okiring ameapa hatasema.

Mkilipata, msinipigie kuniambia ni mstari gani, mstari naujua. Nipigieni mniambie mliona nini kwanza.